Kiingereza Kisicho na Silsila

Mutsamudu, Shaaban 1397

Kwa Ndugu Mhariri wa Masomo ya Kiingereza ya Redio, pamoja na wote unaokaa nao ofisini,

Salamu zitangulie, lawama zifuate nyuma, maana nilivyolelewa mtu haingii ugomvini bila kubisha hodi. Basi hodi, Ndugu Mhariri. Jina langu Chabane Mdahoma, mdarizi wa kofia wa hapa mji mkongwe wa Mutsamudu, na huu mwaka wa pili ni mwalimu wa Kiingereza. Kiswahili hiki nilikipata Unguja, nilikokaa kwa mjomba ujanani. Kama kina mikunjo unisamehe. Huku kwetu tunasema lugha yetu, na Kiswahili nakitoa sandukuni siku za heshima tu, kama koti la Idi.

Naandika kukishtaki kijitabu chenu, kile chembamba cha kuwafundisha walimu namna ya kusoma na kuendeleza maneno ya Kiingereza, mnachokitangaza kila mwisho wa somo kwamba mtu akiandika barua ataletewa bure. Kimefika. Afadhali mngetuma nge.

Lakini kabla ya kushtaki wenzangu nitaungama yangu, kwa kuwa Mwezi Mtukufu uko mlangoni na sitaki kuingia nao nikiwa na mzigo huu begani.

Tulipojitawala, walimu Wafaransa waliondoka, na nasikia wengine waliondoka hata na chaki. Skuli ikabaki na madawati. Na rais wetu Ali Soilih, kama mlivyosikia huko, amewapa vijana nchi waiendeshe, sisi wenye mvi tunapita kando ya ukuta. Siku moja nipo barazani nadarizi, akaja Ndugu Loutfia, mwenyekiti wa kamati ya vijana ya hapa, msichana niliyemwona juzi tu akibebwa mgongoni. Akasema, "Fundi Chabane, si ukoo wenu ndio uliokuwa ukisema na meli za Waingereza?" Nikasema ndio. "Basi Jumatatu unaingia darasani." Nikasema mimi ni mtu wa sindano. Akasema, "Mapinduzi pia ni sindano, Fundi. Utazoea."

Na kweli, Ndugu Mhariri, ukoo wetu ndio. Zamani meli za Waingereza zikienda Bara Hindi zilitia nanga hapa kwetu kuchukua maji, machungwa na mbuzi, na babu yetu wa kwanza ndiye aliyekuwa akiwauzia. Alipokea Kiingereza kwa mabaharia wenyewe, mdomo kwa sikio. Sura za maneno alizinakili kutoka kwenye masanduku yao. Akampa mwanawe, mwanawe akampa wake, mpaka baba yangu Mdahoma, mpaka miye. Hiyo ndiyo silsila. Watu wa Moroni, mji mkuu ng'ambo ya bahari, wasijisumbue kushindana. Kwao mpaka leo meli kubwa zinasimama mbali na bandari, kwa hiyo kama Kiingereza kiliwafikia, kiliwafikia kwa kupigiwa kelele.

Nikafundisha kama nilivyofundishwa. Naandika neno zima ubaoni, nalisoma, watoto wanalisoma nyuma yangu wakiyumba, na kesho tena, mpaka limekaa kifuani. Hakuna kuuliza kwa nini herufi fulani iko pale. Aliyeiweka anajua. Ndivyo tulivyosoma Kurani chuoni, na silinganishi, astaghfirullahi, nasema njia tu.

Sasa maungamo yenyewe haya hapa. Neno nisilopokea, siwezi kulisoma. Herufi za Kiswahili ni watu wa ahadi, ukiiacha B usiku asubuhi utaikuta B. Za Kiingereza hazina msimamo. Kwa hiyo maneno ya ukoo nayajua kwa sura zao, kama mtu anavyowajua majirani zake. Likipita jingine lolote ni mgeni, namwitikia salamu kwa mbali na kuomba asinisimamishe. Hayo sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu Zoubeida. Nakuambia wewe kwa sababu hatutaonana.

Basi nimekwisha tubu. Sasa malalamiko yangu.

Kwanza. Kijitabu chenu kimekuja peke yake, hakuna mtu aliyekishika mkono. Wazee wamesema asiye na shekhe, shekhe wake ni shetani. Aliyekiagiza ni kijana Mouzaoir, mwalimu kutoka Moroni, ambaye wizara imemleta huku kutusaidia walimu wa Mutsamudu, kana kwamba tumeomba. Alinipa kwezi, salamu yetu ya mdogo kwa mkubwa, kwa adabu zote, hilo sitalikataa. Nikamwuliza, Kiingereza chako umekipokea kwa nani? Akasema, "Redioni, Fundi." Nikamwuliza, nayo redio imepokea kwa nani? Akafikiri sana kijana wa watu, akasema, "Kwa betri, nadhani."

Pili. Kijitabu kinadai kwamba kila herufi ina sauti yake, kwamba herufi mbili zikishikana zinazaa sauti ya tatu isiyofanana na baba wala mama, na kwamba zipo herufi bubu, zinazokaa ndani ya neno bila kusema chochote. Mnatoa mfano wa neno la kisu, linaloanza na K ambayo haitamkwi. Na neno la usiku, katikati mna herufi mbili zimeketi tu. Ndugu Mhariri, mwaka huu serikali yetu imewaachisha kazi watumishi wake wote, waliokuwa wakifanya na waliokuwa hawafanyi. Nyinyi mnashindwaje kuziachisha herufi mbili? Tena mnawafundisha walimu waziheshimu! Watoto wangu walipoijua siri hii, wakaanza kuniuliza juu ya kila neno ni nani humo bubu. Darasa likawa kama kituo cha polisi.

Tatu. Mnakata maneno. Kijitabu kinasema neno ni kama samaki, lina kichwa, lina mwili, lina mkia, na mwalimu anayejua kazi yake humwonyesha mtoto pa kupitisha kisu. Miye neno nililipokea zima na nililitoa zima. Sasa nikiingia darasani nakuta vichwa upande mmoja wa ubao na mikia upande mwingine, na watoto wanaviunganisha watakavyo. Wanatengeneza maneno ambayo babu yangu hakuyauza wala kuyanunua. Kibaya zaidi, wakimwuliza Mouzaoir, anasema mengi ni sahihi.

Nne. Hili ni zito, nami nina fungu langu ndani yake. Kwa kuwa ni mwalimu wa Kiingereza, watu huniletea chupa za dawa wanazotumiwa na jamaa zao ng'ambo, niwasomee. Neno nisilopokea siwezi kulisoma, nimeshakuambia, lakini mtu amesimama mlangoni na chupa yake, utasemaje? Nilikuwa naitazama chupa kwa heshima, naigeuza, halafu nasema, "Vijiko viwili, asubuhi na jioni, na subira." Hakuna aliyewahi kulalamika. Subira ni dawa ya kweli.

Mwezi uliopita jirani yangu Batoul aliniletea chupa ndogo kutoka Mombasa, nikamwambia vijiko viwili, akanywa. Jioni yake mtoto mmoja wa darasani, aliyekwisha tiwa sumu na kijitabu chenu, akaishika chupa akaanza kuiguguna herufi moja moja, hii inasema hivi, hii bubu, hizi mbili zimeshikana, mpaka akafika. Dawa ya masikio! Ya kudondosha! Tukamkimbiza Batoul kwa miguu vichochoroni, maana gari haipiti, tukapanda teksi mpaka hospitali ya Hombo, watu tumebanana na Batoul anatusomea wasia wake. Daktari alimpa maji mengi na kumrudisha. Hana neno, alhamdulillahi. Sasa anawaambia watu kisimani, "Tangu nimekunywa dawa ya Fundi Chabane nasikia vizuri mno. Nasikia hata anayonisema Fundi Chabane nyumbani kwake."

Nimemwomba radhi Batoul, nikamdarizia mumewe kofia. Lakini wewe nakuuliza, kabla ya kijitabu chenu, nani angejua?

Tano. Hitima. Watoto walipomaliza maneno yote ya ukoo, nilifanya hitima kama desturi, hapo bangweni, uwanja wetu wa mji, kwa vibibi vya mchele na chai. Kamati ilikuja na wazee walikuja. Watoto wakasoma silsila nzima ya maneno kwa sauti moja, nikaona hata kuta zinaniheshimu. Walipofika yale maneno ya zamani kabisa, aliyoyapokea babu siku ile pipa la maji lilipomwangukia baharia mguuni, Mouzaoir alinyanyuka akanisogelea. Akaninong'oneza, "Fundi, haya tuyapite." Nikamwambia hayapitwi, ndiyo yenye asili. Akasema, "Fundi, haya Mwingereza akiyasikia hapa ataomba radhi kwa mama yake." Watoto wakayasoma mara tatu, kama sunna yetu, wadogo kwa mkazo zaidi.

Nikidhani nimemaliza, Ndugu Loutfia akamwambia Mouzaoir naye aonyeshe yake. Kijana akaandika ubaoni neno ambalo halipo. Nasema halipo! Alilibuni mwenyewe pale pale, akatangaza kwa ulimi wake kwamba halina maana yoyote, na kwamba kijitabu chenu ndicho kinachowafundisha walimu kupima hivyo, ili kujua mtoto anasoma au anakumbuka. Neno lisilo na baba! Na watoto wangu, niliowalea kwa chaki yangu, wakalitazama, wakalisoma kwa pamoja kama bunduki. Kisha Loutfia akanigeukia kwa upole, ndio uliouma, akasema, "Na wewe Fundi?"

Nikalitazama lile neno nalo likanitazama. Nikasema kwamba katika silsila yetu neno hilo halisomwi mchana.

Mzee mmoja alisema amin. Wengine walicheka mpaka wakamwaga chai. Loutfia akasema, "Fundi, Mapinduzi hayana mchana wala usiku," akaandika kitu kwenye karatasi yake, na sijui nini.

Sita, ndilo lililonitia kalamu mkononi. Nina binti mmoja, Saandia. Tangu anazaliwa namjengea nyumba, jiwe juu ya jiwe, kofia juu ya kofia, kwa kuwa kwetu nyumba ni ya binti na mume ndiye anayehamia. Mzazi wa binti hapa hampotezi mwanawe. Anamwongeza mwingine. Nyumba imekwisha, imebaki chokaa ya chumba kimoja. Na siku ya pili baada ya hitima Mouzaoir akaja kumposa.

Zamani ningekuwa na pa kujificha. Ningesema lete dhahabu, lete ng'ombe, lisha mji, na kijana angekwenda kuchuma mpaka ndevu zimpauke, na mimi ningepata muda wa kupumua. Lakini Mapinduzi yamezifupisha harusi, ni dua na chai, basi. Nimebaki sina ngao. Sina ngao isipokuwa Kiingereza. Nikamwambia, "Sina neno nawe, mwanangu, ila binti yangu nitampa mtu mwenye silsila."

Saandia alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Tangu siku hiyo hasemi nami kwa lugha yetu. Anasema nami kwa Kiingereza, tena si cha kwetu, ni cha kijitabu! Asubuhi ananiwekea chai na neno nisilolipokea. Nikimwuliza amelala vipi, ananijibu sentensi nzima ya wageni. Juzi alichukua neno la furaha, ambalo nalijua, nililipokea kwa baba, akalipachika mbele kile kichwa chenu cha kukanusha, akanipa. Nililielewa, Ndugu Mhariri. Ndilo neno la kwanza la kijitabu nililolielewa, na nililielewa mpaka kwenye mifupa.

Na sasa amemwambia mama yake kwamba kama Mouzaoir hakubaliki hapa, watafunga ndoa kwa kadhi na atamfuata Moroni. Amfuate! Mwanamke wa Mutsamudu aiache nyumba yake, avuke bahari kwenda kukaa kwa mume! Zoubeida hajanipigia kelele, na huyu ni mtu wa kelele. Amekaa tu kwenye ngazi za ile nyumba mpya akaniambia, "Chabane, watu watasema tumemfukuza. Na watakuwa wamesema kweli. Hizi kuta utamdarizia nani?"

Kwa hayo yote naomba mnitendee yafuatayo, tena upesi.

Mkirudishe kwenu kijitabu, hiki na vyote vilivyosambaa visiwani, na mtangaze baada ya taarifa ya habari kwamba yaliyomo yalikuwa mzaha. Mtangaze pia kwamba Kiingereza cha Mutsamudu ni sahihi kwa kuwa kimepokewa, na cha Moroni kisubiri. Muwaambie Waingereza wasitunge maneno mapya kuanzia leo. Waliyonayo yanatosha kununulia mbuzi, maji na machungwa, na mtu anataka nini zaidi duniani? Kama hilo ni gumu, basi kila neno jipya walilete kwanza hapa kwa meli, na mtu wa kulisoma, nami nitalipokea gatini kwa mkono wangu. Zile herufi bubu zipewe siku saba ziseme au ziondoke. Na mwisho, mumwandikie Mouzaoir barua yenye muhuri, kwamba hajui kusoma. Mkiandika hivyo Saandia hatakuwa na sababu ya kumfuata, na atabaki, na atasema nami.

Najua hilo la mwisho ni uongo. Ninaliomba hivyo hivyo.

Nakuaga kwa heshima ya mtu aliyekosa na aliyekosewa, na sijui lipi ni kubwa. Wasalimie watangazaji, hasa yule mama mwenye sauti ya asali anayesema rudia tena. Darasa langu linamwitikia rudia tena wewe, lakini kwa mapenzi. Msalimie anayebandika stempu, na fundi wa mitambo, na wazazi wako kama wako hai. Zoubeida anawasalimu. Batoul anawasalimu, anasema hata ninyi anawasikia vizuri.

Ni mimi mwenye uchungu,
Chabane Mdahoma,
Mutsamudu

Nyongeza. Barua ilipokwisha niliona sina anwani yenu. Jalada la kijitabu, lililokuwa na anwani, limekatika kwa mikono ya watoto. Anayeikumbuka kichwani ni Mouzaoir, maana mnaitaja kila mwisho wa somo. Nikatia aibu mfukoni, nikamfuata, nikamleta nyumbani. Nikamwambia nakuandikieni ninyi, sikumwambia nini. Nadhani alijua. Nikampa bahasha aandike.

Akaikataa. Akasema, "Nitakutajia, Baba. Wewe uandike." Hajawahi kuniita Baba, daima Fundi. Nikasema mtaa huo sijaupokea kwa mtu. Akasema, "Unaupokea sasa. Usikie kwanza, halafu uukate."

Akautaja polepole. Nikaukata kama samaki wenu, kichwa, mwili, mkia. Sauti ya kwanza nikaipatia herufi. Ya pili ilikuwa moja ya zile zinazozaliwa na herufi mbili, nikazishikanisha. Karibu na mwisho nikasimama. Nilihisi kuna mtu humo ndani amekaa kimya. Sikuambiwa. Nilimhisi tu, nikamwekea kiti chake, nikaendelea. Mouzaoir alikuwa anaitazama bahasha kama mtu anayetazama mtoto akisimama dede. Nyuma ya pazia Saandia akasema, kwa lugha yetu, kwa ile sauti yake ya utotoni, "Baba, hiyo hakukupa mtu."

Nikauandika mtaa wenu tena, nikauandika kwenye ukuta wa chumba kisichopakwa chokaa. Zoubeida amesema tusikipake.

Harusi ni Ijumaa, kabla ya mwezi kuandama. Mouzaoir anahamia kwa mkewe, hapa hapa, kama watu. Yale yote niliyoyaomba huko juu yaacheni. Leteni vijitabu vya darasa zima, na kimoja chenye maandishi makubwa, cha mtu wa macho ya sindano. Uniambie na wewe umepokea kwa nani, nikuandike katika silsila yetu, kati ya baba yangu na mkwe wangu.

Anwani iliyo juu ya bahasha ni mkono wangu, hakuna aliyenisaidia. Ikiwa barua hii imekufikia, basi niliandika sawa.